Timu nane, uwanja mmoja, alasiri moja: bingwa wa roboti apatikane kwa mfumo upi?

Saa nane mchana. Watoto wameshakula wali wao, mechi za awali zimekwisha, na mwalimu aliyetwishwa mashindano anasimama mbele ya ubao kuchora mti wa robo fainali. Mara nyingi hiyo huwa ndiyo dakika ya kwanza mtu yeyote kufikiria bingwa atapatikanaje. Anachora mtoano wa mechi moja moja, kwa kuwa ndio tuliokulia nao kwenye mpira, na alasiri inaendelea.

Siku moja nilikuwa mtunza alama kwenye mashindano ya namna hiyo. Timu ya wasichana iliyoongoza awamu ya awali iliingia robo fainali, na kabla sekunde kumi hazijaisha plagi ya betri ikachomoka. Roboti ikagoma katikati ya uwanja kama punda, dakika mbili na ushei zikapita huku wapinzani wakibeba vipira kimoja kimoja, na habari ikaishia hapo. Walikuwa wametoka kwao saa kumi alfajiri. Wakati wanafungasha hakukuwa hata na mtu wa kumlalamikia: mwamuzi alikuwa sahihi, saa ilikuwa sahihi, sheria zilifuatwa.

Tangu siku hiyo kila mfumo nauuliza swali moja: roboti nzuri ikizimika mara moja, utaifanya nini? Kwenye mpira, dakika 90 zinaitosha timu kukosea na kujirekebisha. Mechi ya FIRST Robotics Competition, mashindano ya kimataifa ya roboti za wanafunzi, ni kama dakika mbili na nusu. Ya VEX V5, mashindano mengine ya aina hiyo, ni mbili tu. Na kwenye mashindano yetu madogo, ambako nusu ya timu zimemalizia kufunga nyaya usiku wa jana, roboti nyingi hujifia zenyewe kabla mpinzani hajazifunga.

Vigezo, kabla ya kupenda mfumo wowote

Nitapima kila mfumo kwa mambo matano. Timu bora ina nafasi gani ya kutwaa ubingwa? Timu dhaifu kuliko zote ina uhakika wa kucheza mechi ngapi kabla ya kurudi nyumbani? Ratiba inakula muda gani, na muda huo unatabirika? Timu inapata nafasi ya kubadili betri na kukaza skrubu kati ya mechi na mechi? Na mwisho, kuna mwanya gani wa ujanja, yaani hali ambapo timu inafaidika kwa kushindwa au kwa kuelewana na mpinzani?

Jedwali hili lina timu nane, uwanja mmoja, na dakika nane kutoka mwanzo wa mechi moja hadi mwanzo wa inayofuata. Kwa kasi hiyo, kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja mnapata mechi 22, basi. Safu ya mwisho ni hesabu yangu ya karatasi: nimeipa timu moja uwezo wa kushinda mechi saba kati ya kumi dhidi ya yeyote, zile nyingine nikaziweka sawa kwa sawa, na pointi zikilingana nimeacha bahati iamue.

| Mfumo | Mechi zote | Dakika | Mechi za uhakika kwa timu | Timu bora kuwa bingwa |
|---|---|---|---|---|
| Mtoano wa mechi moja | 7 | 56 | 1 | 34% |
| Mtoano, mbili kati ya tatu | 14 hadi 21 | 112 hadi 168 | 2 | 48% |
| Mtoano wa maisha mawili | 15 au 16 | 120 au 128 | 2 | 46% |
| Makundi mawili, nusu fainali, fainali | 15 | 120 | 3 | 37% |
| Mfumo wa Uswisi, raundi tatu | 12 | 96 | 3 | 34% |

Hakuna mfumo unaompa aliye bora hata nusu ya uhakika. Wazazi wanapaswa kuambiwa hivyo mapema.

Mtoano wa mechi moja

Ukifungwa, umetoka. Kila mtu anauelewa, hata babu aliyekuja kumtazama mjukuu. Unamalizika ndani ya saa moja, muda hautetereki, na hauna mwanya wa ujanja wowote ndani yake, kwa kuwa hakuna anayefaidika kwa kushindwa. Mapumziko yapo ya kutosha mpaka nusu fainali.

Gharama yake mmeshaiona kwenye ile plagi ya betri. Timu nne kati ya nane zinacheza mara moja na kufunga sanduku. Ukitaka kuutumia, basi awamu ya awali iwe nene: mechi tano au sita kwa kila timu, ili mtoto aliyetolewa mapema awe ameshacheza vya kutosha, na ili nafasi za kupanga mti (wa kwanza na wa nane, wa pili na wa saba, na kuendelea) ziwe na maana. Kupanga mti kwa matokeo ya mechi mbili za awali hakupishani sana na kupiga kura kwa vijiti.

Unawafaa wenye muda finyu hasa, na wale ambao ubingwa kwao ni shangwe ya kufungia siku, bila tiketi ya kwenda ngazi ya taifa mwishoni.

Mtoano, mbili kati ya tatu

Mti ni uleule, ila kila hatua mshindi ni anayetangulia kushinda mechi mbili. Huu ndio mfumo uliozoeleka kwa miaka mingi kwenye FIRST Robotics Competition. Kwa aliye bora ndio mkarimu kuliko yote jedwalini: kushinda mechi saba kati ya kumi kunageuka kuwa kushinda karibu jozi nane kati ya kumi. Roboti ikizimika mara moja, mna nafasi ya kukimbilia mezani, kuchomeka waya na kurudi.

Tatizo lake ni saa. Huwezi kujua asubuhi kama utacheza mechi 14 au 21, na tofauti hiyo ni karibu saa nzima. Jozi mbili zikienda mechi ya tatu, mgeni rasmi anaanza kuangalia simu, dereva wa basi anakuja kusimama mlangoni, na umeme ukikatika hapo katikati hujui pa kubana.

Kwa betri, siri iko kwenye mpangilio. Msicheze mechi mbili za jozi moja mfululizo. Chezeni mechi za kwanza za robo fainali zote nne, kisha za pili zote nne. Kila timu inapata karibu nusu saa. Ugumu unabaki fainali, ambako ni wawili haohao wanaorudiana. Mwanya wa ujanja hakuna. Dosari nyingine ni kwamba timu dhaifu inaweza kusafiri, ikafungwa mara mbili na mpinzani yuleyule, ikarudi bila kuonja mwingine katika mtoano.

Unafaa pale timu ni chache. Kwa timu nne ni mechi 6 hadi 9, na hapo muda hauumizi.

Mtoano wa maisha mawili

Kuteleza si kuanguka. Timu ikifungwa mara ya kwanza inashuka upande wa chini wa mti. Ikifungwa tena inatoka. Walio upande wa juu wanapambana wenyewe kwa wenyewe, wa chini vilevile, na mabingwa wa pande mbili wanakutana fainali. FIRST Robotics Competition iliuhamia msimu wa 2023, na mpangilio wake kwa miungano minane (muungano ni timu kadhaa zinazocheza upande mmoja) una mechi 13 kabla ya fainali, kisha fainali ya mbili kati ya tatu.

Tazama jedwali tena. Nafasi ya aliye bora inakaribia sana ile ya mbili kati ya tatu, 46 kwa 48, lakini muda wake mnaweza kuuandika kwenye tangazo na ukatimia: mechi 15 au 16. Kwa mwandaaji ambaye ukumbi anaukabidhi saa kumi na moja jioni kamili, hiyo ni nafuu kubwa. Na kila timu inakutana na angalau wapinzani wawili.

Sasa upande ambao watu hawausemi. Timu iliyofungwa mechi ya kwanza na ikataka kufika fainali inapaswa kushinda mechi nne upande wa chini. Ukijumlisha ile ya kwanza na fainali yenyewe, inacheza mechi saba au nane, wakati ambaye hakufungwa amecheza tatu kabla ya fainali. Betri ya nikeli ya volti 12 yenye miliampia-saa 3000, aina inayotumika sana kwenye roboti za ukubwa wa kati, ikichajiwa kwa chaja ya ampia 1.8 inakula takriban saa moja na dakika arobaini kujaa. Upande wa chini, mechi hadi mechi yako nyingine inaweza kuwa dakika kumi na sita. Timu yenye betri tano haitatoka jasho. Yenye betri moja na ya kuazima itafika mechi ya nne ikiwa na roboti inayotambaa.

Kwa hiyo mfumo huu, usipoangaliwa, unasamehe bahati mbaya kwa wenye nacho na kuwanyima wasio nacho. Dawa ni mbili, na hazina gharama kubwa: mapumziko ya dakika kumi au kumi na tano kati ya raundi (gaweni zawadi ndogo ndogo hapo, watazamaji hawataboreka), na meza moja ya chaja ya pamoja yenye betri za akiba zinazoazimwa kwa kusaini daftari.

Kuna pia ubishi wa fainali. Aliyefika bila kufungwa anakuta ile mechi aliyowahi kufungwa mpinzani wake imesamehewa. Wote wanaanza sifuri. Baadhi ya mashindano humtaka wa upande wa chini ashinde mara mbili na wa juu mara moja tu. Ipo haki pande zote mbili. Chagueni, andikeni, bandikeni ukutani asubuhi.

Kueleweka ni kazi. Mti wa maisha mawili ukichorwa kwenye ubao mmoja unafanana na ramani ya daladala. Tumieni kalamu za rangi mbili, na mtu mmoja asiye na kazi nyingine ila kuujaza. Mwanya wa ujanja ni mdogo, ila siyo sifuri: mara chache timu inaweza kuona njia ya chini ina wapinzani wepesi. Sijawahi kuona watoto wakithubutu, nimeona makocha wakinong'ona.

Makundi

Makundi mawili ya timu nne, wawili wa juu wanaingia nusu fainali. Ni lugha ya Kombe la Dunia, haihitaji mkalimani. Kila timu ina mechi tatu za uhakika, mapumziko yanapangika vizuri kwa kupokezana makundi, na muda unajulikana.

Wengi huamini ndio mfumo wa haki kuliko yote. Hesabu haikubali: asilimia 37, pointi tatu tu juu ya mtoano wa mechi moja, maana mwisho wa yote bado kuna mechi mbili za kufa na kupona. Mkiifanya fainali iwe mbili kati ya tatu inapanda hadi kama 42, kwa gharama ya mechi moja au mbili. Kinachonunuliwa hapa ni watoto kucheza, na hilo si dogo.

Ila makundi ndiyo yenye mianya. Juni 25, 1982, kwenye Kombe la Dunia kule Gijón, Hispania, Ujerumani Magharibi na Austria ziliingia uwanjani zikijua kuwa ushindi mwembamba wa Wajerumani unazivusha zote mbili na kuitoa Algeria, ambayo ilikuwa imeshamaliza mechi zake. Bao likaingia mapema, kisha mpira ukawa wa kupasiana mpaka filimbi. Baada ya hapo mechi za mwisho za kundi zikawa zinachezwa kwa wakati mmoja. Ninyi mna uwanja mmoja. Hamwezi kucheza mbili kwa pamoja, kwa hiyo mechi ya mwisho ya kundi itachezwa na watu wanaojua matokeo yote.

Halafu kuna pointi kulingana, ambazo kwenye kundi la wanne hutokea mara nyingi. Mkitumia tofauti ya alama kama kwenye mpira, mnaipa timu sababu ya kuendelea kuichapa roboti iliyokwisha kuzimika. FIRST Tech Challenge kwa miaka mingi ilikuwa na njia ya kinyume: waliolingana walitenganishwa kwa alama za upande ulioshindwa katika mechi zao, hivyo kumfunga mpinzani mgumu kukawa na thamani kuliko kumnyanyasa mnyonge. Nayo ina vituko vyake, kwa kuwa mtu anaweza kumwachia mpinzani afunge ili ajinufaishe. Kwa shule, mimi huanza na mechi ya wenyewe kwa wenyewe, kisha jumla ya alama walizofunga bila kutazama walizofungwa.

Unafaa timu zilizotoka mbali, na siku ambayo mnaweza kupata waamuzi wanaojua kujumlisha bila kugombana.

Mfumo wa Uswisi

Ulianzia kwenye sataranji, Zürich, mwaka 1895. Hakuna anayetolewa. Raundi ya kwanza mnapanga kwa nafasi au kwa kura. Baada ya hapo, aliyeshinda anakutana na aliyeshinda, aliyefungwa na aliyefungwa, bila kurudia mpinzani. (Ligi ya Mabingwa Ulaya ya timu 36 tangu msimu wa 2024/25 huitwa kwa jina hilo, lakini pale wapinzani wote wanajulikana kabla ya mpira kuanza, kwa hiyo ni binamu wa mbali.)

Kwa timu nane, raundi tatu zinatoa timu moja tu ambayo haijafungwa, mradi hakuna sare. Ili uwe hiyo unapaswa kushinda mechi tatu mfululizo. Ni hesabu ileile ya mtoano wa mechi moja, asilimia 34! Kwa maneno mengine, huu ni mtoano ambao waliofungwa hawaendi nyumbani. Wanaendelea kucheza na walio saizi yao, na mwisho kila mtu anajua takriban yuko wapi kati ya wa kwanza na wa nane. Kwa mechi tano za ziada, dakika arobaini, nadhani ni bei nzuri sana kwa watoto wanaoanza.

Mapumziko ni sawa kwa wote kwa kuwa kila timu inacheza mara moja kila raundi. Ujanja: timu chache hujaribu kupoteza raundi ya kwanza ili zikutane na wepesi, lakini kwa raundi tatu tu unakuwa umeshajinyima ubingwa. Udhaifu ni kwamba hakuna fainali. Mechi ya raundi ya tatu kati ya wasiofungwa wawili ndiyo fainali, ichezwe ya mwisho na itangazwe hivyo. Idadi ya timu ikiwa haigawanyiki kwa mbili, saba au tisa, moja inakaa nje kila raundi na kupewa ushindi. Ianze iliyo chini.

Na kama roboti hazikutani kabisa?

Kwenye FIRST LEGO League kila timu inafanya kazi zake kwenye meza yake, mizunguko mitatu ya dakika mbili na nusu, na alama ya juu kati ya hizo tatu ndiyo inayohesabiwa. Mzunguko mmoja mbovu unafutika wenyewe. Timu nane ni mizunguko 24, na kwa meza mbili pamoja ni zamu 12, yaani sawa na Uswisi kwa muda. Hakuna mpinzani wa kupanga naye matokeo, na timu zikilingana mnatazama alama ya pili kwa ubora. VEX IQ imekwenda mbali zaidi: timu mbili zinashirikiana uwanjani na zote zinapata alama ileile, hadi fainali. Kwa darasa la nne au la tano nisingewaza mara mbili. Kelele za ukumbini hupungua, hilo nakubali.

Miungano

Kama mchezo wenu ni wa miungano ya timu mbili au tatu, jedwali halibadiliki. Weka "muungano" mahali pa "timu". Kinachobadilika ni uchaguzi. Nahodha wa kwanza akichagua kwanza, na raundi ya pili nayo ikaanza kwake, ubingwa umeshagawiwa kabla ya mechi. Raundi ya pili ianze kwa wa mwisho kurudi juu, kama nyoka anavyojikunja. Timu kumi na mbili zinatoa miungano minne tu ya timu tatu tatu, na hapo maisha mawili ni mechi 7 au 8 pamoja na fainali, chini ya saa moja na robo.

Kwa hali yenu

Mna saa moja na mgeni rasmi ana ndege ya jioni: mtoano wa mechi moja, lakini asubuhi yote iwe ya mechi za awali.

Mshindi anakwenda kuwakilisha mkoa au nchi, na mna saa mbili na nusu kwa uhakika: maisha mawili, pamoja na meza ya betri. Kama betri za akiba hazipatikani kabisa, afadhali mbili kati ya tatu kwa timu nne bora tu.

Ni mara ya kwanza shule hizi kukutana, nusu ya watoto hawajawahi kuona uwanja wa roboti: Uswisi, au mizunguko mitatu ya mezani. Zimetoka wilaya za mbali na zimelipa nauli: Uswisi tena, au makundi ikiwa watazamaji wanataka nusu fainali.

Umeme wa ukumbi hauaminiki: epukeni mbili kati ya tatu kwa timu nane. Uswisi ndio unaokatika vizuri, kwa sababu raundi mbili zilizokamilika bado zinatoa orodha, wakati mti ulioishia nusu fainali hautoi chochote.

Na mfumo wowote mtakaouchukua, amueni kabla ya mechi ya kwanza ni lini mechi inarudiwa. Kosa la uwanja, kama vile umeme kukatika, mawasiliano ya uwanja kupotea au kifaa cha mchezo kuvunjika, mechi irudiwe. Plagi ya roboti yenyewe ikichomoka, hairudiwi. Wale wasichana, kwa kanuni hii, wangefungwa vilevile. Kwa maisha mawili wangekuwa na dakika kumi na tano, bisibisi na kipande cha mkanda wa kufungia plagi.